Hata Bila Maleba

"Leseni ya nini, kijana? Hatuvai maleba, hatuchezi mchezo. Sisi ni kwaya, tunaimba. Na hizo pesa ni za karo ya mtoto."

Mweka hazina wa kwaya yetu aliniambia hayo Jumapili moja baada ya mazoezi, huku akifunga mkoba wake, na kwa wengi pale ukumbini mjadala uliishia hapo. Ni mama anayeheshimika. Akifunga mkoba, mkutano umefungwa.

Nieleze kidogo. Kwaya yetu iko Eastlands, Nairobi, na si ya kanisa moja. Ni mchanganyiko wa watu waliowahi kuimba pamoja shuleni na wengine waliovutwa na marafiki. Mwaka huu dada mmoja wa sauti ya kwanza amepata nafasi ya kusomea uuguzi na hana karo. Tungeweza kufanya harambee ya kawaida, lakini siku hizi kila mtu ana kadi tatu za mchango mezani na grupu nne za WhatsApp za mazishi na matibabu. Watu wamechoka kuchangishwa. Ndipo Mwalimu, yaani kiongozi wetu wa kwaya, akasema tuuze tiketi, na tukiuza tiketi tuwape watu kitu kizima: tamthilia ya nyimbo, hadithi tangu mwanzo hadi mwisho, ila tuiimbe tumesimama, mafaili mkononi, nguo nyeusi, kinanda kimoja. Hakuna mapambo ya jukwaa, hakuna densi. Gharama inabaki chini.

Mimi nikapewa kazi ya kuchagua tamthilia yenyewe na kujua kama inahitaji ruhusa ya mtu. "Wewe ndiye msomi wetu," Mwalimu alisema, na watu wakacheka kwa upole, maana wanajua niliacha chuo mwaka wa pili na wanajua ni karo iliyonitoa. Sikukasirika. Lakini kazi hiyo niliichukua kwa uzito ambao pengine hawakuutarajia.

Hoja za mama zilikuwa mbili: bila maleba huo si mchezo, na pesa za msaada hazitozwi ada. Nilidhani ni maneno tu ya mtu anayelinda mfuko wa kwaya. Kumbe hoja ya kwanza ilishafika kortini kabla mzazi wangu yeyote hajaanza shule, na ya pili imeandikwa kwenye sheria, ila sheria ya nchi nyingine, na ina mkia.

Tuanze na korti.

Mwaka 1970 Andrew Lloyd Webber na Tim Rice, Waingereza wawili wa miaka ishirini na kitu, walitoa Jesus Christ Superstar ikiwa santuri, kwa sababu hawakupata mtu wa kuiweka jukwaani. Kule Marekani santuri hiyo ikalipuka. Sasa hebu piga picha: nyimbo ziko redioni, hadithi kila mtu anaijua tangu Shule ya Jumapili, lakini hakuna mahali pa kwenda kuitazama. Broadway yenyewe haikuipata hadi Oktoba 1971. Pengo kama hilo halikai wazi. Vikundi vikaanza kuzunguka miji ya Marekani vikiimba Superstar, tiketi mlangoni, ruhusa hakuna. Robert Stigwood, aliyekuwa akisimamia haki za kazi hiyo, alianzisha ziara yake rasmi ya konseti Julai 1971, na huku mawakili wake wanakimbizana na wale wengine.

Kesi moja kati ya hizo ndiyo iliyoninyima usingizi. Inajulikana kama Stigwood dhidi ya Sperber, na iliamuliwa mwaka 1972 na mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko New York. Washtakiwa walikuwa na kikundi kilichojiita Original American Touring Company, jina ambalo ukiliona kwenye bango unadhani ndicho chenyewe. Utetezi wao haukuwa wa kijinga hata kidogo. Walisema: sisi tuna leseni. Walikuwa wanaegemea leseni ya ASCAP, chama cha watunzi wa muziki cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1914, ambacho hukusanya mrabaha kutoka kwa kumbi, redio na mahoteli. Ukilipa ASCAP unaruhusiwa kuimba hadharani nyimbo za wanachama wake. Nyimbo za Superstar zilikuwamo. Na wao, walisema, hawakuigiza. Waliimba tu. Hakukuwa na maleba wala mapambo ya jukwaa.

Yaani mama mweka hazina, neno kwa neno, miaka hamsini na zaidi kabla yake.

Majaji hawakukubali. Waliangalia kile kikundi kilichokuwa kinafanya hasa. Santuri ina nyimbo 23. Kikundi kiliimba 20 kati ya hizo, karibu kwa mpangilio uleule. Waimbaji waliingia na kutoka, kila mmoja akashikilia nafasi yake, aliyekuwa Yuda akabaki Yuda, na mara mojamoja wakatumia mikono. Mahakama ikasema kukosekana kwa maleba na mandhari hakuufanyi mchezo uache kuwa mchezo. Opera ikiimbwa redioni hakuna anayeona nguo za mtu, na bado ni opera. Kilichokuwa kinauzwa mlangoni ni hadithi, na leseni ya ASCAP haikuhusu hadithi.

Wenye biashara hii huziita haki ndogo na haki kubwa. Haki ndogo ni za wimbo mmoja mmoja: uimbe arusini, hotelini, redioni, vyama vya watunzi vitakusanya chao. Haki kubwa ni za kisa kizima, wahusika wake na mtiririko wake, na hizo mwenyewe huzishika mkononi au humpa wakala wake tu. Ninachokipenda katika uamuzi ule wa 1972 ni amri iliyotolewa mwishoni, kwa sababu ni ya mtu anayejua muziki unavyofanya kazi. Kikundi hakikukatazwa kuimba nyimbo za Superstar. Kilikatazwa kuziimba zikifuatana kwa mpangilio wa awali, au kuziunganisha kwa maneno, ishara na densi ili zilete kisa. Changanya nyimbo, vunja uzi, na uko salama. Ukiacha uzi ulivyo, unahitaji ruhusa.

Niliisoma amri hiyo kwa simu, nikiwa ndani ya matatu, nikajua tumepatikana. Mwalimu alikuwa ameshagawa nafasi. Mpaka mwenye baridi yabisi wa sauti ya nne alikuwa na jina la mhusika kwenye faili lake.

Hoja ya pili. Wiki hiyohiyo mama alinitumia picha ya kipande cha sheria, sijui alikipata wapi, na akaandika chini yake "Soma hapo." Ilikuwa sheria ya hakimiliki ya Marekani ya 1976, na nakiri ilinishtua, kwa sababu alikuwa na haki nusu. Sheria hiyo inasema kwamba kazi ya muziki inaweza kuimbwa mbele ya watu bila ruhusa na bila malipo ikiwa waimbaji na waandaaji hawalipwi, na kama kuna kiingilio, basi pesa zote baada ya gharama za haki ziende kwa elimu, dini au msaada. Karo ya muuguzi ingeingia hapo vizuri tu. Mwenye kazi anaweza kupinga, lakini lazima apinge kwa maandishi siku saba kabla.

Mkia ni huu: msamaha huo ni wa muziki usio wa maigizo. Tamthilia za nyimbo zimeachwa nje waziwazi. Waliotunga sheria hiyo walijua kabisa kwamba kila shule na kila kanisa lingetaka kuimba mchezo mzima kwa jina la msaada, na wakafunga mlango huo. Isitoshe ni sheria ya Marekani. Haivuki bahari kwa sababu imefika kwenye WhatsApp yetu.

Hata watu wa Broadway wenyewe wakichangisha hawachukui tu kazi wakaimba. Mnamo 24 Septemba 2001, takriban wiki mbili baada ya yale mashambulizi ya New York, Audra McDonald, Heather Headley na Lillias White waliimba Dreamgirls kwa mtindo wa konseti, usiku mmoja, pesa zikaenda kwa Actors' Fund, mfuko unaosaidia wasanii walioanguka. Nimeisikiliza rekodi yake mara nyingi kuliko inavyofaa kwa bando langu. Ukiniuliza, ni chaguo zuri kwa namna hiyo ya tamasha: ni kisa cha kikundi cha waimbaji, kwa hiyo mtu akisimama mbele ya maikrofoni hakuna kinachokosekana, ndivyo hadithi yenyewe inavyotaka. Huo nikauandika kwenye daftari kama kipimo changu cha kwanza cha kuchagua. Mchezo ambao nusu yake ni mazungumzo, au ambao utamu wake uko miguuni, ukiusimamisha na mafaili unakufa.

Na kuna mfano wa kinyume, ambapo leseni yenyewe ndiyo harambee. J. M. Barrie, mwandishi wa Peter Pan, aliombwa na hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London, aingie katika kamati ya kuchangisha. Akakataa kukaa kwenye kamati. Halafu mwaka 1929 akawapa haki zote za Peter Pan. Tangu hapo, anayeonyesha mchezo huo Uingereza analipa, na malipo yanaenda kwa watoto wagonjwa. Barrie alifariki mwaka 1937, na kwa hesabu ya miaka hamsini hakimiliki yake ilikwisha mwishoni mwa 1987. Bunge likaingiza kifungu katika sheria ya 1988, kilichopendekezwa na waziri mkuu wa zamani James Callaghan, kwamba hospitali hiyo iendelee kupata mrabaha Uingereza daima. Nilipomsimulia mama kisa hiki alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hivyo yule anayekataa kulipa leseni pale anamnyima mtoto dawa." Ndiyo, mama. Na katika kazi nyingine, anamnyima mtunzi.

Basi nikaandika barua pepe. Leseni nyingi za tamthilia hizi hushikwa na kampuni chache za Marekani na Uingereza. Moja ya zile kubwa, Music Theatre International, ilianzishwa New York mwaka 1952 na Frank Loesser, mtunzi wa Guys and Dolls, pamoja na Don Walker, mtu aliyepangia ala michezo mingi ya Broadway. Ofisi niliyoiandikia mimi sitaitaja. Wanauliza ukumbi una viti vingapi, tiketi ni pesa ngapi, mtaonyesha mara ngapi. Kisha kuna kukodi vitabu vya noti, ambavyo vinarudishwa. Kisha kuna masharti: usibadilishe neno, usitafsiri bila ruhusa nyingine, usirekodi video. Waliponitumia bei, kwa dola, nilipiga hesabu mara mbili. Ilikuwa inakula zaidi ya nusu ya karo tunayoitafuta. Nilielewa kwa nini wanatoza. Sikuwa na namna ya kulipa.

Nilipoipeleka habari hii kwenye mazoezi, mzee mmoja wa sauti ya tatu, mtu wa Limuru, aliinua mkono. "Nyinyi vijana mkisema leseni mnafikiria mtunzi," alisema. "Sisi tukisikia leseni tulikuwa tunafikiria D.C."

Alikuwa anakumbuka Kamĩrĩĩthũ, na ni haki aikumbuke. Mwaka 1977 wanakijiji wa huko walicheza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, mchezo uliojaa nyimbo, na wiki chache baada ya kuanza, Novemba mwaka huo, leseni ikafutwa. Kabla mwaka haujaisha Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa kizuizini. Mapema 1982 walirudi na Maitũ Njugĩra, tamthilia ya nyimbo hasa, iliyokuwa ifunguliwe Kenya National Theatre mwezi Februari. Leseni haikuja. Milango ikabaki imefungwa. Wakaendelea na mazoezi kwenye ukumbi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na maelfu ya watu wakaja kutazama mazoezi, wakijipanga hadi nje, mpaka hayo nayo yakapigwa marufuku. Mwezi Machi jukwaa la wazi la Kamĩrĩĩthũ likabomolewa. Pale hakuna mtunzi aliyekuwa anadai chake. Watunzi walikuwa humohumo kundini, nyimbo zilikuwa za wazee wa kijiji, na karatasi iliyokosekana ilikuwa ya serikali. Mzee alisema aliwahi kupenya siku moja, akasimama mlangoni, hakuona jukwaa ila alisikia kila wimbo. Hakuna aliyejua la kuongeza. Mwalimu akatuambia tunywe chai.

Baada ya chai nikawapa pendekezo langu.

Katika sheria ya Kenya hakimiliki ya maandishi na muziki hudumu maisha ya mtunzi na miaka hamsini baada ya mwaka aliofariki. Kwa hiyo swali linageuka: nani amekufa zamani, na kazi yake bado inaimbika? Arthur Sullivan alifariki mwaka 1900. W. S. Gilbert, aliyemwandikia maneno, alifariki 1911. Kazi zao ziko huru, mradi tutumie noti za zamani na si mpangilio mpya wa mtu aliye hai. Na The Pirates of Penzance ilinivuta kwa sababu historia yake ni ya leseni mwanzo hadi mwisho.

Mchezo wao wa kabla yake, H.M.S. Pinafore, ulifunguliwa London Mei 1878, na kufikia Novemba ulikuwa tayari unachezwa Boston bila wao kupata senti. Sheria ya Marekani wakati huo haikumlinda mtunzi wa kigeni kabisa. Ulinzi huo ulikuja mwaka 1891. Vikundi vikaenea nchi nzima: vya watu wazima, vya watoto, vya makanisa. Gilbert, Sullivan na mdhamini wao Richard D'Oyly Carte wakapanda meli wakafika New York Novemba 1879 kuonyesha Pinafore yao wenyewe, na wakaficha begani mchezo mpya. Hesabu yao ilikuwa hivi: noti zisipochapishwa, mahakama za Marekani huenda zikawalinda, lakini Uingereza, ili haki yao isipotee, ni lazima mchezo uonyeshwe hadharani huko kabla au sambamba na New York.

Kwa hiyo tarehe 30 Desemba 1879, katika ukumbi mdogo wa Paignton, Devon, waigizaji waliokuwa wanazunguka na Pinafore mji wa jirani walisimamishwa jukwaani mchana kuimba mchezo ambao hawakuujua. Karatasi mkononi. Nguo zilikuwa zilezile za Pinafore, na waliocheza maharamia wakajifunga vitambaa kichwani. Mara moja tu, basi. Kesho yake usiku New York ikaona onyesho lenyewe, huku Sullivan akiwa amelazimika kuiandika upya sehemu ya kwanza kwa kumbukumbu kwa sababu alisahau noti zake Uingereza.

"Kwa hiyo," Mwalimu akasema, "mara ya kwanza kabisa waliimba kama sisi."

Na mafaili, Mwalimu. Na kwa ajili ya hakimiliki.

Mama mweka hazina aliuliza swali moja tu, bei. Nikamwambia noti ni bure. Akafungua mkoba wake, akaandika kitu, akaufunga.

Sasa kazi iliyobaki ni tafsiri, ambayo kwa mchezo wa dola nisingeruhusiwa kuigusa. Kisa chote kinaanza na yaya aliyesikia vibaya. Aliambiwa ampeleke mtoto Frederic akafunzwe kazi na mwongoza meli, yeye akasikia haramia, kwa sababu kwa Kiingereza maneno hayo mawili yanakaribiana. Kwa Kiswahili hayakaribiani hata kidogo, na bila kosa hilo hakuna mchezo. Nilikaa nalo wiki mbili. Juzi, nikiwa naosha vyombo, likaja: rubani. Mwongoza meli ni rubani, na baba alisema mtoto apelekwe kwa rubani. Yaya, masikio mazito, akampeleka kwa mrubuni.

Nilimtumia Mwalimu sauti kwenye WhatsApp usiku huohuo. Alijibu saa saba: anataka "mrubuni" iimbwe na sauti ya nne, pole pole, na yule mwenye baridi yabisi apewe kiti.